Miche Hufuata Mvua: Kijitabu cha Elimu kwa Umma Kuhusu Kujitolea Ng'ambo katika Upandaji wa Miti na Urejeshaji wa Ardhi, Kibera na Kawangware

Maana na mawanda

Kujitolea ng'ambo ni kazi anayoifanya mtu katika nchi isiyo yake, kwa muda maalumu na bila kudai mshahara, kwa faida ya jamii inayompokea. Anaweza kugharamiwa nauli, malazi na chakula bila kazi yake kupoteza sifa ya kujitolea. Urejeshaji wa ardhi ni jumla ya hatua zinazoiwezesha ardhi iliyochakaa kushika tena maji, udongo na mimea, na upandaji wa miti ni hatua moja tu miongoni mwazo, ambayo mara nyingine si ya kwanza na mara nyingine haihitajiki kabisa. Kijitabu hiki kinayaeleza mambo hayo mawili kwa pamoja kwa ajili ya wakazi wa Kibera na Kawangware, ukiwemo mtaa wa Kongo ulio ndani ya Kawangware, ambako vikundi vya vijana, vyama vya kina mama, makanisa, misikiti na shule hupokea wageni wenye nia ya kupanda miti. Kinawahusu pia wageni wenyewe, na vijana wa mitaa hiyo ambao nao huvuka mipaka kwenda kujitolea katika nchi jirani.

Kupanda miti kumekuwa shughuli ya taifa zima. Mnamo Desemba 2022 serikali ya Kenya ilizindua mpango wa kukuza miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, kwa lengo la kuongeza eneo lililofunikwa na miti kutoka asilimia 12.13, kama lilivyopimwa katika tathmini ya mwaka 2021, hadi asilimia 30. Na tarehe 13 Novemba 2023 ilitangazwa kuwa sikukuu ya umma ili wananchi watoke wakapande. Mpango mkubwa namna hii huvutia wageni na fedha, lakini huzaa pia mazoea ya kuhesabu miche iliyofukiwa ardhini badala ya miti iliyokua. Ndiyo maana kijitabu hiki kinashikilia kipimo kimoja: mgeni amefanya kazi ya maana endapo kile alichokifanya kinaweza kuendelezwa na watu watakaobeba ndoo za maji mwezi Januari, jua linapowaka, wakati yeye amekwisha kurejea kwao.

Ardhi inayozungumziwa

Kibera iko kusini-magharibi mwa jiji la Nairobi, ikikatwa na reli iendayo Kisumu na kuteremka kuelekea Bwawa la Nairobi, ambalo lilijengwa mwaka 1953 kwa kuyazuia maji ya mto Motoine na ambalo leo limejaa tope, taka na magugu maji. Upande wa magharibi uko Msitu wa Ngong Road, uliotangazwa kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1932 na ambao tangu hapo umemegwa zaidi ya nusu kwa ajili ya makazi, taasisi na barabara. Kawangware, iliyo kaskazini-magharibi ya Kibera katika eneo la Dagoretti, ina mabonde yake madogo ya vijito vya Kirichwa ambavyo maji yake huishia katika mto Nairobi. Kwa hiyo mitaa hii miwili iko juu ya vyanzo na matawi ya mito ya jiji, na udongo unaochukuliwa na mvua kutoka vichochoroni mwake huonekana tena mbele ya safari, umetua ndani ya bwawa au mtoni.

Kabla ya kuuliza mti gani upandwe, sharti iulizwe ardhi ni ya nani, kwa maana hapo ndipo miradi mingi hukwama. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ilitenga ekari 4,197 za Kibera kwa ajili ya askari Wanubi na familia zao, bila kuwapa hati. Ilichukua hadi mwaka 2017 ndipo jamii hiyo ikakabidhiwa hatimiliki ya ekari 288 tu. Sehemu kubwa iliyobaki huhesabiwa kuwa ardhi ya serikali, ingawa juu yake kuna wenye nyumba wasio na hati, na chini ya wenye nyumba kuna wapangaji, ambao ndio wengi. Mpangaji anayelipa kodi ya mwezi hana sababu ya kulea mti utakaoanza kutoa kivuli baada ya miaka mitano, na mwenye nyumba naye huona mti mlangoni kama chumba ambacho kingekuwa kimejengwa. Mgeni asiyeelewa hesabu hii huishia kuwalaumu wakazi kwamba hawapendi mazingira, jambo ambalo si kweli hata kidogo.

Ukingo wa mto una utata zaidi. Kanuni za maji nchini huutambua ukanda wa mto, yaani kipande cha ardhi kando ya maji kisichotakiwa kujengwa wala kulimwa, chenye upana wa kati ya mita 6 na mita 30 kulingana na ukubwa wa mto. Baada ya mafuriko makubwa ya Machi hadi Mei 2024, serikali iliwaamuru watu waliokuwa ndani ya mita 30 kuhama, na nyumba nyingi za mabanda katika mitaa ya Nairobi zikabomolewa. Katika mazingira hayo, mstari wa miche inayopandwa kando ya maji unaweza kusomwa na mkazi kama alama ya mpaka wa ubomoaji ujao, hata kama aliyeipanda hakuwa na nia hiyo. Kwa sababu hiyo inashauriwa kwamba hakuna shughuli yoyote ya kupanda ukingoni ifanyike kabla ya baraza la wakazi kuitishwa na chifu au wazee wa mtaa, ramani ya eneo ioneshwe hadharani, na iulizwe waziwazi nani aliishi hapo na amekwenda wapi.

Hilo likishatatuliwa, nafasi za kupanda zipo, nazo ni nyingi kuliko inavyodhaniwa: viwanja vya shule, nyua za makanisa na misikiti, kingo za reli palipo na ruhusa, kuta za mitaro, na Msitu wa Ngong Road wenyewe, ambako kazi hufanywa kupitia Shirika la Huduma za Misitu Kenya (KFS) na chama cha jamii cha kuhifadhi msitu, kama inavyoelekezwa na sheria ya misitu ya mwaka 2016. Pasipotosha mti hutosha nyasi. Mabingobingo, vetiva na mianzi hushika kingo za mitaro upesi kuliko mti wowote, na wafugaji wa mbuzi na ng'ombe hununua majani ya mabingobingo, hivyo kuna mtu mwenye faida ya kuyalinda. Mikalitusi, kwa upande mwingine, haifai kando ya maji kwa kuwa hunywa maji mengi. Mwaka 2009 waziri wa mazingira wa wakati huo, John Michuki, aliagiza ing'olewe karibu na vyanzo vya mito, na bado wapo wageni wanaoipigia debe kwa kuwa hukua haraka na hupendeza kwenye ripoti.

Mvua na likizo

Tatizo kubwa la kujitolea kutoka ng'ambo halimo katika tabia za wageni bali katika kalenda. Vyuo vikuu vya Ulaya na Amerika Kaskazini hufungwa kati ya Juni na Agosti, na huo ndio wakati wanafunzi wengi husafiri. Nairobi hupata mvua za masika kuanzia Machi hadi Mei na za vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Miezi ya katikati ni ya baridi na ukavu, na manyunyu ya asubuhi ya Julai hulainisha vumbi tu bila kufika kwenye kina cha mizizi, kiasi kwamba mtu asiyeijua hali ya hewa ya Nairobi hutazama mawingu yaliyotanda kutwa nzima akaamini kwamba mvua ipo. Mche unaopandwa katika wiki ya pili ya Julai huanza maisha yake kwa miezi mitatu ya kiu.

Vikundi vinavyopokea wageni vimekuwa vikiitikia hali hiyo kwa njia mbili. Baadhi huwapandisha wageni miti Julai kwa sababu wamelipia safari na wanatarajia kupigwa picha wakipanda, kisha huingia gharama ya kununua maji, ambayo katika mitaa hii huuzwa kwa mtungi, ili kuiokoa miche. Wengine huwaambia wageni ukweli kabla hawajakata tiketi: kwamba Juni hadi Agosti ni msimu wa kitaluni, na anayetaka kupanda aje Aprili au Novemba. Njia ya pili ndiyo inayopendekezwa na kijitabu hiki, hata kama itapunguza idadi ya wanaokuja. Shirika lolote la ng'ambo linaloahidi siku ya kupanda miti Nairobi katikati ya Agosti linauza safari, na wenyeji wana haki ya kulikatalia.

Kazi za kitaluni

Kitalu ni mahali pa kuoteshea mbegu na kulelea miche mpaka ifikie umri wa kuhamishiwa shambani. Kwa kawaida huwa ni kipande kidogo cha ardhi chenye kivuli cha wavu au matete, karibu na maji, na chenye mlinzi. Kazi ya kitaluni haina shangwe ya siku ya kupanda, lakini ndiyo inayoamua kama siku hiyo itakuwa na maana, na kwa bahati nzuri nyingi kati ya kazi hizo huangukia miezi ileile ambayo wageni wana nafasi.

Huanzia kwenye mbegu. Mbegu za mukinduri, mti wa asili wa misitu ya Nairobi, huokotwa chini ya mti mama na kupasuliwa maganda. Mbegu za mgunga hulowekwa katika maji ya moto na kuachwa humo usiku kucha yakipoa ili ngozi yake ngumu ilainike. Mbegu za muiri huharibika upesi zikikauka, kwa hiyo husiwa zikiwa mbichi. Tofauti hizi hazikisiwi. Taasisi ya Utafiti wa Misitu Kenya (KEFRI), yenye makao yake Muguga, mwendo mfupi tu kutoka Kawangware, huuza mbegu zilizopimwa na hutoa ushauri, na kikundi kinachonunua huko hukwepa hasara ya kuotesha magunia ya mbegu zilizokufa.

Mbegu ikishaota na kutoa majani mawili ya kwanza, huhamishwa kutoka kwenye tuta la kuoteshea na kutiwa katika kifuko chenye mchanganyiko wa udongo wa juu, samadi iliyoiva na mchanga. Hapa mgeni hufundishwa jambo dogo ambalo fundi wa kitalu halisahau: mche mchanga hushikwa kwa jani, kamwe si kwa shina, kwa kuwa jani likichubuka lingine litaota, lakini shina likibonyezwa mche wote umekwenda. Kijiti huchomekwa katikati ya kifuko, mzizi hushushwa ukiwa umenyooka, na udongo hubanwa kwa vidole viwili. Mzizi ukipinda kama ndoana siku hiyo, mti utakuja kuanguka baada ya miaka kumi na hakuna atakayekumbuka sababu. Vikundi vingi hutumia pakiti za maziwa zilizooshwa na kutobolewa chini badala ya vifuko vipya, na kuziokota, kuziosha na kuzipanga ni kazi ya asubuhi nzima kwa watu wanne.

Baadaye huja kukata mizizi, yaani kuinua kila kifuko na kukatia mizizi iliyotoboa na kuanza kuingia ardhini. Kazi hii husahaulika mara nyingi kuliko zote, na miche isiyokatwa mizizi hung'olewa kwa nguvu siku ya kupanda ikaachia nusu ya uhai wake kitaluni. Kisha hufuata kukomaza miche: katika wiki tatu au nne za mwisho, maji na kivuli hupunguzwa hatua kwa hatua ili mche uzoee jua na kiu. Mgeni wa Juni anaweza kusia, kuhamisha, kupalilia na kukata mizizi. Mgeni wa Septemba anaweza kukomaza. Na wote wanaweza kupima na kuchimba mashimo, ambayo huhitaji kuwa tayari kabla mvua haijashuka. Shimo zuri huwa na upana na kina cha sentimita 45 hadi 60, udongo wa juu ukiwekwa kando peke yake ili urudishwe kwanza, na kifuko cha plastiki huondolewa kabisa kabla ya kufukia. Lingeonekana si jambo la kuandika, lakini mashimo yanapofukuliwa kuchunguzwa kwa nini mti umedumaa, kifuko hukutwa humo mara nyingi mno.

Waliotangulia

Ushirikiano wa wenyeji na wageni katika kupanda miti una historia ndefu katika eneo hili. Tarehe 22 Julai 1922, huko Kikuyu, afisa wa misitu Mwingereza Richard St. Barbe Baker na chifu Josiah Njonjo waliandaa sherehe ambapo vijana waliojitolea waliahidi kupanda miche kumi kila mwaka na kuitunza. Kikundi hicho kiliitwa Watu wa Miti, kikaenea nchi nyingi, na leo kinaendelea kwa jina la International Tree Foundation. Jambo la kuzingatia ni kwamba wenye kupanda walikuwa wenyeji, na kwamba ahadi yao ilikuwa ya kila mwaka. Hata hivyo historia hiyo haifai kupambwa kupita kiasi, kwa maana serikali ile ile ya kikoloni aliyoitumikia Baker ndiyo iliyokuwa imewatwalia Wakikuyu ardhi.

Miaka 55 baadaye, tarehe 5 Juni 1977, Wangari Maathai na Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya walipanda miti saba ya asili katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Mingi kati ya hiyo saba haikuishi. Harakati iliyozaliwa siku hiyo, Green Belt Movement, ilijifunza kutokana na upungufu huo na mwingine uliofuata: ikahamishia vitalu mikononi mwa vikundi vya wanawake vijijini, na ikawalipa senti chache kwa kila mche, si ulipopandwa, bali ulipoonekana kuwa umeshika na unaishi. Utaratibu huo mmoja wa malipo una mafunzo mengi kuliko hotuba zote za siku ya mazingira. Harakati hiyo imepanda zaidi ya miti milioni 51, na Maathai akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004.

Katika Kibera yenyewe, mwaka 2006 kundi la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani lilianzisha Kounkuey Design Initiative, ambayo pamoja na vikundi vya wakazi imetengeneza viwanja vya umma kandokando ya mto na vijito vya Kibera. Wakazi walipoulizwa wanachohitaji, miti haikuja kwanza; vilikuja vyoo, mahali pa kufulia, mitaro ya kupitisha mafuriko, uwanja wa watoto na vibanda vya biashara vya kulipia matengenezo. Mimea ikaingia kama sehemu ya ukingo unaozuia maji. Vivyo hivyo shirika la Kifaransa la Solidarités International, lilipoanza kusambaza kilimo cha magunia Kibera mwaka 2008 baada ya ghasia za uchaguzi, lilitanguliza sukuma na mchicha kwa kuwa watu walikuwa na njaa. Katika makazi yenye msongamano, urejeshaji wa ardhi unaodumu ni ule uliofungamana na haja ya kila siku.

Mfano wa mbali kidogo unastahili nafasi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi ya Niger, katika Afrika ya Magharibi, ilikuwa ikipandwa miti na mashirika mengi, na karibu yote ikafa. Mmishonari kutoka Australia, Tony Rinaudo, aliyekuwa akisimamia mradi mmoja wa aina hiyo katika eneo la Maradi, alitambua mnamo 1983 kwamba vichaka vilivyotapakaa mashambani vilikuwa ni machipukizi ya visiki vya miti iliyokatwa, yenye mizizi hai chini. Kazi ikabadilika: badala ya kupanda, wakulima wakachagua machipukizi machache, wakapogoa mengine na kuyalinda yaliyobaki. Njia hiyo imerudisha miti katika mamilioni ya hekta nchini Niger, na nchini Tanzania, mkoani Dodoma, inajulikana kwa jina la Kisiki Hai. Ndani ya Msitu wa Ngong Road, palipokatwa miti lakini visiki vikabaki, njia hii ni rahisi kuliko kitalu chochote.

Kibarua, ada na picha

Katika mitaa ambamo vijana wengi huishi kwa kibarua, yaani ujira wa siku, kazi ya bure ina gharama yake iliyofichika. Kuchimba mashimo, kubeba udongo na kumwagilia ni kazi ambazo zingemlipa mtu wa Kongo au wa Gatina, pia ndani ya Kawangware, na mradi wa Kazi Mtaani ulioanza Kibera na mitaa mingine mwaka 2020, kama ule wa Climate WorX ulioufuata mwaka 2024, ulionesha kuwa kusafisha mto na kupanda kingo zake ni ajira halali. Mgeni mwenye jembe anapochukua nafasi ya kibarua, mtaa umepoteza chakula cha jioni. Utaratibu wa haki ni kwamba kwa idadi yoyote ya wageni watakaofanya kazi, kikundi kiwe na idadi isiyopungua hiyo ya wakazi wanaolipwa kwa siku hizohizo, na malipo hayo yatoke katika ada ya wageni.

Ada yenyewe iulizwe bila haya. Wanaojitolea hulipa mashirika ya ng'ambo fedha nyingi kwa wiki, na mara nyingi kinachofika kwenye kikundi cha mtaa ni kiasi kidogo pamoja na fulana. Kikundi kina haki ya kuiona bajeti yote, na mgeni pia. Shirika lisilotaka kuionesha kwa upande wowote kati ya pande hizo mbili limekwisha kujibu swali. Vilevile pawe na fungu la miaka miwili la kumwagilia na kulinda miche, kwa kuwa siku ya kupanda hugharimu kidogo sana ikilinganishwa na yale yanayofuata.

Kuhusu picha, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inatoa kinga kwa taarifa za mtu, ikiwemo sura yake, na idhini ya mzazi au mlezi huhitajika kwa mtoto. Mtoto wa Kibera ameshapigwa picha na wageni kiasi cha kutosha. Safari zinazouza mchanganyiko wa kupanda miti asubuhi na kutembelea makao ya watoto jioni zikataliwe moja kwa moja. Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto mwaka 2017, na mtu anayepita wiki mbili hana shughuli na watoto wasio na wazazi.

Hati na sheria

Tangu Januari 2024 wageni wengi wanaoingia Kenya huomba idhini ya kusafiri ya kielektroniki badala ya viza. Idhini hiyo humruhusu mtu kutembea, haimruhusu kufanya kazi, na kazi isiyo na mshahara nayo huhesabiwa kuwa kazi. Anayejitolea kwa muda mfupi huombewa pasi maalumu na shirika linalompokea. Anayekaa zaidi huomba kibali cha daraja la I, kilichowekwa kwa ajili ya kazi za dini na za hisani zilizoidhinishwa. Taratibu hizi hufanywa na Idara ya Uhamiaji chini ya sheria ya mwaka 2011. Kikundi kinachompokea mgeni mwenye hati ya utalii na kumpa jembe kinajiweka hatarini pamoja naye.

Vikundi vya mtaani husajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, na mashirika makubwa chini ya Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya mwaka 2013, ambayo ilikaa bila kutekelezwa kwa zaidi ya miaka kumi na kuanza kutumika tarehe 14 Mei 2024. Mgeni aombe kuona cheti cha usajili. Kikundi nacho kimwombe mgeni cheti cha polisi cha nchi yake kinachothibitisha mwenendo mwema, jambo ambalo vikundi vingi huona aibu kulidai kutoka kwa mtu aliyetoka mbali na zawadi mkononi.

Vijana wa mtaa wanapovuka mpaka

Kujitolea ng'ambo si safari ya Mzungu kuja Afrika pekee. Raia wa Kenya huingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa tangu mwaka 2014, na kijana wa Kawangware anayejua kukata mizizi ya miche ana ujuzi unaohitajika kwingi. Nchini Rwanda, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya jamii ambayo mara nyingi huwa ya kupanda miti au kuchimba matuta. Nchini Tanzania, mkoani Shinyanga, mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 uliwapa wafugaji nguvu ya kufufua ngitili, yaani maeneo ya malisho yanayofungwa kwa muda ili nyasi na miti irudi, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerejeshwa. Huko Kondoa, mkoani Dodoma, mradi wa HADO wa mwaka 1973 ulifikia hatua kali zaidi mwaka 1979, mifugo yote ilipoondolewa katika eneo lililomomonyoka. Ardhi ilipona, ila wafugaji ndio waliolipa gharama, na mtu anayetoka Kibera ataielewa historia hiyo bila kuelezwa sana. Anayekwenda kujitolea Tanzania huhitaji kibali cha ukaazi cha daraja C.

Ama ile Kongo nyingine, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, ina mradi wa miaka mingi unaoitwa EcoMakala, ulioanzishwa na WWF mwaka 2007 katika Kivu Kaskazini ili wakulima wapande miti ya makaa mashambani mwao na kupunguza ukataji ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga. Kwa mafunzo ya nishati ya kupikia, mradi huo unaihusu Kawangware kuliko mwingine wowote. Lakini Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, na hakuna kikundi cha Nairobi kinachopaswa kumpeleka kijana huko kabla ya usalama kurejea.

Kuhesabu

Kila kikundi kiwe na daftari la miche lenye safu za tarehe, aina ya mti, mahali, aliyepanda na aliyekabidhiwa kuulea, na jina la mwisho hilo ndilo lenye uzito. Miche ihesabiwe baada ya miezi mitatu, kumi na miwili na ishirini na minne, na mhesabu asiwe yule aliyeipanda. Pale ambapo mche haupo, sababu iandikwe: kiu, mbuzi, ujenzi, mpira wa watoto, wizi, mafuriko au takataka zilizomwagwa juu yake. Sababu zikikusanywa kwa misimu miwili huonesha wapi pawekwe ua wa miiba, wapi pabadilishwe aina ya mti, na wapi pasipandwe tena. Mapengo hujazwa mwanzoni mwa mvua zinazofuata, kwa miche iliyobakizwa kitaluni kwa kazi hiyo, na nakala ya hesabu hutumwa kwa kila mgeni aliyeshiriki, popote alipo, hata kama idadi ya iliyokufa ni kubwa kuliko ya iliyopona.